Tiba za Mgongo kwa Tundu Dogo: Nani Anazihitaji?

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Msomaji anayefuatilia taarifa za hospitali za rufaa nchini amekwisha kuyazoea maneno "upasuaji wa tundu dogo". Yalianza kusikika zaidi katika tiba za mawe ya figo na mfuko wa nyongo, na katika miaka ya karibuni yamefika mgongoni. Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), iliyoanzishwa kwa Sheria ya Bunge ya mwaka 1996, ni miongoni mwa hospitali ambazo zimekuwa zikiutangazia umma hatua zake katika upasuaji wa aina hiyo. Kila taarifa inapotoka hueleza mambo yanayofanana, na yote yana ukweli: jeraha ni dogo, damu inayopotea ni kidogo, mgonjwa hakai wodini siku nyingi, na Mtanzania aliyekuwa akikata tiketi ya kwenda India sasa anatibiwa nyumbani.

Lipo hata hivyo jambo moja ambalo taarifa fupi ya habari haina nafasi ya kulieleza. Ukubwa wa tundu humwambia mwananchi jinsi tiba inavyofanyika. Haumwambii kama yeye anaihitaji. Mtu aliyeishi na maumivu ya mgongo kwa miaka mitatu akisoma habari hiyo huona tumaini, na ni haki yake kuliona. Tatizo huanza pale anapouza kiwanja, au anapochukua mkopo wa kikundi, ili kuifuata tiba iliyobuniwa kwa maradhi ambayo yeye hana.

Idadi ya wanaohusika si ndogo. Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza kuwa watu milioni 619 duniani waliishi na maumivu ya kiuno na mgongo wa chini mwaka 2020, na kwamba idadi hiyo inakadiriwa kufikia milioni 843 ifikapo mwaka 2050. Hakuna ugonjwa mwingine unaowaweka watu wengi zaidi katika hali ya kushindwa kufanya shughuli zao. Katika nchi ambayo sehemu kubwa ya kazi bado hufanywa kwa jembe, kwa kichwa na kwa mabega, mgongo ni nyenzo ya uzalishaji kama ilivyo trekta.

Migongo miwili, picha moja

Mgongo umejengwa kwa pingili zilizopangwa moja juu ya nyingine. Kati ya pingili na pingili kuna kisahani kinene ambacho wataalamu na wananchi wengi sasa hukiita diski. Diski ina ganda la nje la nyuzi ngumu zilizosukwa kwa tabaka, na ndani yake kuna ute mzito unaobeba uzito wa mwili na kuusambaza. Kadiri umri unavyosonga, ute huo hupoteza maji, diski hupungua kimo, na ganda lake huweza kupata nyufa. Hali hii ndiyo ambayo mitaani huitwa "kusagika kwa pingili", jina ambalo limewatia watu hofu kupita kiasi, kwani kwa hakika hakuna kinachosagwa.

Diski huweza kumletea mtu maumivu kwa njia mbili zisizofanana, na tofauti hiyo ndiyo msingi wa uchambuzi huu. Tuchukue mfano wa watu wawili. Wa kwanza ni mama wa miaka 42 anayeuza samaki sokoni. Aliinama kunyanyua ndoo, na tangu siku hiyo maumivu makali yanashuka kutoka kwenye kalio, yanapita nyuma ya paja na kufika hadi unyayoni. Mguu unawaka moto, kidole gumba kimekufa ganzi, na akikohoa maumivu yanazidi. Wa pili ni dereva wa lori wa miaka 45 anayesafiri kati ya Dar es Salaam na Tunduma. Yeye anaumwa kiunoni tu. Maumivu yake ni ya miaka minne, hupanda anapokaa muda mrefu, hupungua anapotembea, na hayajawahi kuvuka goti.

Wote wawili wakipigwa kipimo cha MRI, majibu yao yanaweza kuandikwa kwa maneno yale yale: diski kati ya pingili ya nne na ya tano za kiuno imechomoza. Kwa yule mama, ute umepenya ganda na kuubana au kuuwasha mshipa wa fahamu unaokwenda mguuni. Kwa dereva, huenda maumivu yanatoka ndani ya diski yenyewe, au kwenye mfupa unaopakana nayo, au kwenye misuli, au kwenye viungo vidogo vya nyuma ya pingili. Na mara nyingi hakuna kipimo kinachoweza kuthibitisha ni wapi hasa. Karibu kila tiba ya tundu dogo iliyofanikiwa katika historia ya mgongo ilimfaa mgonjwa wa kwanza. Wa pili ameahidiwa mengi na kupata machache.

Kutoka kisu hadi utomvu wa papai

Historia ya tiba hizi inafaa kufahamika, maana inaonyesha jinsi matumaini yanavyoweza kutangulia ushahidi. Mwaka 1934 madaktari wawili wa Boston nchini Marekani, William Mixter na Joseph Barr, walichapisha maelezo yaliyoonyesha kuwa diski iliyochomoza ndiyo chanzo cha maumivu mengi yanayoshuka mguuni, na kwamba kuiondoa kwa upasuaji huleta nafuu. Kwa miongo iliyofuata upasuaji huo ulimaanisha mkato mrefu, misuli kubanduliwa kutoka kwenye mifupa na mgonjwa kulala kitandani kwa wiki nyingi.

Jaribio kubwa la kwanza la kukwepa kisu lilitokana na kitu ambacho kila mpishi wa Pwani anakijua. Nyama ngumu ikifungwa kwenye jani la mpapai au ikipakwa papai bichi hulainika, kwa sababu utomvu wa mti huo una vimeng'enya vinavyomeng'enya protini. Tanganyika, na baadaye Tanzania, pamoja na Uganda na Kongo, zilikuwa miongoni mwa wauzaji wa utomvu huo uliokaushwa katika soko la dunia. Mwaka 1963 daktari Lyman Smith wa Marekani alikidunga kimeng'enya kimojawapo cha papai, kimopapaini, ndani ya diski ya mgonjwa ili kiuyeyushe ute uliokuwa ukibana mshipa. Tiba hiyo ilifanya kazi kwa wagonjwa wengi wenye maumivu ya mguu, na mwaka 1982 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha matumizi yake. Kisha yakaonekana madhara: mzio mkali wa ghafla kwa baadhi ya wagonjwa na, kwa wachache, kupooza miguu. Dawa hiyo iliondoka sokoni Marekani mwaka 2003. Wazo lenyewe halikufa; mwaka 2018 Japani iliidhinisha kimeng'enya kingine kisichotokana na papai kwa kazi iyo hiyo.

Wakati huo huo wapasuaji nao walikuwa wakipunguza ukubwa wa mkato. Mwishoni mwa miaka ya 1970 hadubini ya upasuaji iliingia katika kazi hii na mkato ukawa wa sentimita chache. Baadaye ikaja kamera nyembamba inayopitishwa kwenye bomba lenye upana unaokaribia wa kalamu, ambapo mpasuaji huongozwa na picha iliyo kwenye runinga. Huo ndio upasuaji ambao taarifa nyingi za sasa zinauzungumzia.

Je, unafaa? Kwa yule mama muuza samaki, jibu ni ndiyo, lakini kwa masharti. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2007 uliwagawa kwa kura wagonjwa 283 wenye maumivu makali ya mguu yaliyodumu kati ya wiki 6 na 12. Kundi moja lilipangiwa upasuaji mapema, jingine likaendelea na dawa na uangalizi, na upasuaji ukabaki kuwa chaguo la baadaye kwa atakayeshindwa kuvumilia. Waliopasuliwa walipata nafuu haraka zaidi. Hata hivyo mwaka ulipotimia, asilimia 95 ya wagonjwa katika kila kundi walikuwa wamepona, na zaidi ya nusu ya waliosubiri hawakuhitaji kupasuliwa kabisa. Sababu mojawapo ni kwamba mwili wenyewe hufyonza kipande cha diski kilichochomoza. Katika takriban theluthi mbili ya wagonjwa kipande hicho hupungua bila kuguswa.

Hilo halimaanishi kwamba kila mtu asubiri bila kikomo. Utafiti mwingine, wa Kanada, uliochapishwa mwaka 2020, uliwahusu watu 128 ambao maumivu yao ya mguu yalikuwa yamekwisha kudumu miezi minne hadi mwaka mmoja. Kwa hao, upasuaji ulizidi kwa wazi tiba nyingine: baada ya miezi sita, kiwango cha maumivu ya mguu kilikuwa 2.8 katika kipimo cha 0 hadi 10 kwa waliopangiwa kupasuliwa, na 5.2 kwa wengine. Mgonjwa ambaye mguu wake umegoma kwa miezi mingi licha ya matibabu ana hoja ya msingi ya kuonana na mpasuaji, na foleni ndefu inayomzuia ni tatizo la kweli la kiafya.

Na kamera inazidi hadubini? Swali hili lina uzito katika nchi yenye hospitali chache zenye kamera hizo. Utafiti mkubwa wa Uholanzi wenye wagonjwa zaidi ya 600, uliochapishwa mwaka 2022, ulilinganisha njia hizo mbili na kukuta kwamba kwa maumivu ya mguu njia ya kamera haiko nyuma ya njia ya kawaida yenye mkato mdogo, huku tofauti kati yake zikiwa ndogo. Kwa hiyo mgonjwa wa Mwanza au Mbeya aliyeambiwa kuwa atafanyiwa upasuaji wa mkato mdogo bila kamera hana sababu ya kujiona amepewa tiba ya daraja la chini. Uzoefu wa mikono inayomhudumia una maana kubwa kwake kuliko aina ya bomba.

Maumivu ya kiunoni peke yake

Sasa turudi kwa dereva wa lori. Katika kundi lake ndipo soko la tiba mpya lilipo kubwa zaidi, na ndipo ushahidi ulipo mwembamba zaidi.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 ilisifiwa sana tiba ya kupitisha waya ndani ya diski na kuupasha moto ili kuziba nyufa za ganda na kuua vishipa vya maumivu. Maelfu ya watu walifanyiwa. Zilipokuja tafiti zenye kundi la kulinganisha, ambapo wagonjwa wengine walifanyiwa tiba bandia bila wao kujua, mmoja ulionyesha faida ndogo kwa baadhi ya wagonjwa waliochaguliwa kwa uangalifu na mwingine haukuonyesha faida yoyote. Mwaka 2008 bima ya afya ya wazee ya Marekani iliamua kutolipia tena tiba za namna hiyo.

Inayozungumziwa zaidi hivi sasa ni kuchoma kwa mawimbi ya redio mshipa mdogo wa fahamu ulio ndani ya mfupa wa pingili. Sindano nene hupitishwa kwenye mfupa kwa kuongozwa na eksirei, kisha ncha yake hupashwa joto la nyuzi 85 kwa dakika 15. Mantiki yake ni nzuri: diski iliyochakaa huweza kuumiza uso wa mfupa unaopakana nayo, na mshipa huo ndio unaopeleka taarifa ya maumivu. Kifaa chake kiliruhusiwa Marekani mwaka 2016. Tafiti zilizopo zinaonyesha nafuu kwa kundi dogo la wagonjwa, wale ambao MRI yao inaonyesha mabadiliko mahususi katika mfupa na ambao tiba nyingine zimeshindwa kwa miezi sita au zaidi. Lakini utafiti uliotumia tiba bandia kama kipimo cha kulinganisha ulitoa matokeo yasiyo imara, na tafiti muhimu zilifadhiliwa na mtengenezaji wa kifaa. Ni tiba ya kufuatiliwa kwa makini. Kwa maoni ya mwandishi, haijafikia hatua ya kulipiwa kwa fedha za umma.

Sindano za chembechembe za damu na za seli shina ndani ya diski ziko nyuma zaidi. Bado ni utafiti, na anayeziuza kama tiba iliyothibitishwa anauza kisichokuwepo.

Imebaki sindano iliyozoeleka kuliko zote, ile ya steroidi inayodungwa karibu na mishipa ya fahamu ya mgongo. Kwa maumivu mapya ya mguu huweza kutuliza kwa wiki chache na kumsaidia mtu avuke kipindi kibaya. Kwa maumivu sugu hali ni tofauti. Februari 2025 jopo la kimataifa la wataalamu na wagonjwa lilichapisha mwongozo katika jarida la tiba la Uingereza, BMJ, na kupendekeza kwa msisitizo kwamba sindano hizo, pamoja na kuchoma vishipa vya viungo vya mgongo, zisitumike kwa maumivu ya mgongo yaliyodumu zaidi ya miezi mitatu yasiyotokana na saratani. Vyama vya madaktari wa tiba ya maumivu viliupinga mwongozo huo, vikisema umewachanganya wagonjwa wa aina nyingi mno katika kapu moja. Mjadala unaendelea. Mwananchi anachopaswa kukijua ni kwamba mjadala upo, maana chumbani kwa daktari anayechoma sindano mara nyingi hausikiki.

Jambo la usalama halina mjadala. Mwaka 2012 nchini Marekani, dawa ya steroidi iliyochafuliwa na fangasi wakati wa kutengenezwa ilidungwa migongoni mwa wagonjwa. Zaidi ya 750 waliugua, wengi wao homa ya uti wa mgongo, na zaidi ya 60 wakafariki. Ilitokea katika nchi yenye udhibiti mkali wa dawa. Sindano ya mgongo ni kazi ya chumba safi cha upasuaji, yenye eksirei ya kuongoza na daktari aliyefunzwa. Duka la dawa au kliniki ya uchochoroni si mahali pake.

Picha isiyosema yote

Wananchi wengi huanza safari ya tiba kwa kutafuta MRI. Kipimo hicho ni ghali, na mtu akishakilipia hutarajia kimpe jina la ugonjwa wake. Mwaka 2015 watafiti walikusanya tafiti 33 zilizohusu watu 3,110 wasio na maumivu yoyote ya mgongo. Miongoni mwa wenye umri wa miaka 20, asilimia 37 walikuwa na diski zilizochakaa. Kwa wenye miaka 50 ilikuwa asilimia 80, na kwa wenye miaka 80 ilikuwa asilimia 96. Diski zilizotuna zilionekana kwa asilimia 30 ya vijana wa miaka 20 na asilimia 60 ya watu wa miaka 50. Wote hawa walikuwa wazima, wakienda kazini na kurudi.

Mtu wa miaka 50 akipewa karatasi isemayo diski zake zimechakaa, amepewa taarifa inayofanana na kuambiwa kuwa ana mvi. Huenda mvi hizo zina uhusiano na kinachomuuma, na huenda hazina. Anayeweza kuamua ni daktari anayesikiliza maelezo, anayepima nguvu za miguu na hisia za ngozi, kisha akailinganisha picha na alichokikuta. Picha iliyotumwa kwa simu kwa mtaalamu ambaye hajawahi kumwona mgonjwa haitoshi kumpeleka mtu kwenye meza ya upasuaji.

Kilichopendekezwa, na kilichopo

Desemba 2023 WHO ilitoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu maumivu sugu ya mgongo wa chini yasiyo na chanzo mahususi, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya maumivu yote ya mgongo. Mwongozo huo unazungumzia huduma za ngazi ya msingi na hauhusu upasuaji. Unapendekeza elimu kwa mgonjwa, mazoezi yaliyopangwa, baadhi ya tiba za mikono kama ukandaji, msaada wa kisaikolojia na dawa za kupunguza uvimbe na maumivu zisizo za jamii ya afyuni. Unashauri visitumike mikanda ya kiuno, tiba ya kuvuta mgongo kwa uzito, na dawa za maumivu za jamii ya afyuni. Mikanda hiyo inauzwa katika kila stendi na kila duka la vifaa tiba, na wapo watumishi wa umma wanaoivaa kazini wakiamini inawalinda.

Mazoezi hayana mvuto wa habari. Hakuna kamera, hakuna mgeni rasmi, wala utepe wa kukata. Mgonjwa naye huona amepunjwa anapotumwa kwa mtaalamu wa fiziotherapia badala ya kupewa sindano. Lakini kwa dereva wetu wa lori, wiki kadhaa za mazoezi yanayosimamiwa, kubadili mkao wa kiti, kushuka na kutembea kila baada ya mwendo wa saa mbili, na kuelezwa kwa lugha nyepesi kwamba kuumwa hakumaanishi mgongo unavunjika, ndiyo tiba yenye ushahidi bora kuliko chochote kinachopitishwa kwenye bomba.

Ugumu ni upatikanaji. Wataalamu wa fiziotherapia wamekuwa wakifundishwa nchini kwa miongo mingi, Moshi katika KCMC na baadaye Dar es Salaam katika MUHAS, lakini wengi huishia katika hospitali kubwa za mijini. Anayeishi kijijini huambiwa ahudhurie mara mbili kwa wiki kwa miezi miwili, na nauli pekee humshinda. Kwake, safari moja ya sindano moja inaonekana kuwa na nafuu zaidi kifedha, hata kama haimponyi.

Hapa ndipo suala hili linapogusa sera. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na kila bima ina kitita cha mafao: orodha ya yale yatakayolipiwa. Kitita kipya cha NHIF kilipoanza kutumika Machi 2024, mvutano uliotokea kati ya Mfuko huo na hospitali binafsi ulionyesha jinsi kila mstari wa orodha hiyo unavyowagusa watu. Tiba za mgongo zitaendelea kubisha hodi kwenye orodha hiyo kwa sababu wagonjwa ni wengi, vifaa ni vya kuagizwa kutoka nje, na wauzaji wana nguvu ya kushawishi. Kigezo cha haki ni kuangalia maumivu yanayotibiwa, na wala si upya wa kifaa. Upasuaji wa diski kwa mtu mwenye maumivu ya mguu yaliyothibitishwa na yasiyosikia tiba nyingine unastahili kulipiwa, uwe wa kamera au wa hadubini. Mahudhurio ya kutosha ya fiziotherapia katika hospitali ya wilaya yanastahili kulipiwa kabla ya picha na kabla ya sindano. Tiba ambazo bado zinabishaniwa zibaki ndani ya utafiti unaosimamiwa, ambako mgonjwa haombwi kulipia majaribio.

Wapo wasiopaswa kusubiri

Yote yaliyoelezwa juu ya subira hayamhusu kila mgonjwa. Anayeshindwa ghafla kutoa au kuzuia mkojo au haja kubwa, anayepata ganzi sehemu za siri na kwenye makalio, au ambaye miguu yake inazidi kulegea, afike hospitali siku hiyo hiyo. Hiyo ni dharura ya upasuaji, na saa chache huweza kuamua kama atatembea tena.

Kuna pia ugonjwa ambao miongozo ya Ulaya huutaja kwa mstari mmoja lakini hapa kwetu unahitaji zaidi. Tanzania imo katika orodha ya WHO ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu, na bakteria wa ugonjwa huo hawaishii kwenye mapafu. Wakiingia kwenye pingili huzila taratibu pamoja na diski iliyo kati yake, wakati mwingine bila mgonjwa kukohoa hata mara moja. Maumivu ya mgongo yanayoambatana na homa za jioni, kutokwa jasho usiku na kupungua uzito, au nundu inayoanza kujitokeza mgongoni, yachunguzwe kwa ajili ya kifua kikuu kabla ya mtu yeyote kufikiria mazoezi, ukandaji au sindano ya steroidi, ambayo huweza kuupa ugonjwa huo nafasi ya kusambaa. Kwa wafugaji na wanywaji wa maziwa yasiyochemshwa, daktari atafikiria pia ugonjwa wa brusela. Kwa mwanaume mtu mzima mwenye maumivu mapya yanayomwamsha usiku, atafikiria saratani ya tezi dume iliyosambaa kwenye mifupa.

Dawa za kifua kikuu, kikiwemo cha mgongo, hutolewa bila malipo katika vituo vya umma nchini.